Shajara ya mhasibu asiyesikika

12 Oktoba 2024

Naanza daftari hili kwa sababu ya silabi tatu. Aprili, kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, hapa Morogoro, nilisimama kusoma taarifa ya fedha. Kabrasha nimelishika kwa mikono miwili, kichwa chini, nasoma mbio kama nafukuzwa. Ukurasa wa tano nikasoma, "Kwa mwaka huu hatukupata hasara." Kule nyuma karibu na mlango ile "hatuku" haikufika. Kilichofika ni "pata hasara". Mnong'ono ukaanza, mtu akapaza, "Sauti!" Wengine wakadakia, "Sauti! Hatusikii!" Mimi nikajua nazomewa. Nikazidisha mbio nimalize nikae.

Jumatatu yake kulikuwa na foleni dirishani. Kwa wiki mbili wanachama walikuja kuulizia akiba zao, wengine wameshika barua za kujitoa, kisa wamesikia chama kimekula hasara na mhasibu mwenyewe ndiye aliyetangaza. Ziada ilikuwepo, tena hesabu zilishakaguliwa. Lakini taarifa iliyofika mtaani ilikuwa ya kwangu, imekatwa kichwa.

Mkutano ujao ni Aprili 2025. Nina miezi sita. Lengo nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la ndani: aliyekaa kiti cha mwisho asikie kila nilichosema. Habari ya kuacha kuogopa sijaiandika. Woga ukiisha nitashukuru, usipoisha tutakwenda nao.

13 Oktoba

Nimejirekodi kwa simu nikisoma ukurasa ule ule. Maneno 412 kwa dakika mbili na nusu, yaani kama 165 kwa dakika. Nimesoma mahali kwamba msemaji wa Kiingereza anashauriwa aende maneno 130 hadi 150 kwa dakika, nikajiona nimezidi kidogo tu. Halafu nikakaa kufikiri. Kiingereza kinasema "when we pay them" kwa maneno manne mafupi. Sisi tunasema "tutakapowalipa", neno moja lenye silabi saba. Kipimo chao kwetu hakifai hata kidogo. Mimi sikuzidi kidogo, mimi nilikuwa pikipiki isiyo na breki.

Nimejaribu mara nne sebuleni. Mke wangu yuko jikoni, mlango wazi, anachambua mchicha. Kila nikimaliza namwuliza nimesema nini. Kwenye maneno 100 kwa dakika ndipo alipoweza kurudia namba zote. Kwangu mimi mwendo huo ni kama kusubiri chai ipoe. Kwake yeye, "Sasa unaongea kama mtu."

Nimegundua pia kwamba kwenye lugha yetu ukimeza mwanzo wa kitenzi umemeza maana yote. Nani, lini, ndiyo au hapana, vyote vimekaa mbele: "tulikopa", "hatukukopa". Mimi kila sentensi naianza kwa sauti ya chini halafu naipandisha kadiri ninavyopata ujasiri, kwa hiyo "ha" yangu hufia mdomoni. Dawa ya kwanza ni ya kihasibu: popote ninapoweza, nisikanushe. "Hatukupata hasara" imefutwa. Mahali pake: "Tumepata ziada."

26 Oktoba

Nimesoma kuhusu Toastmasters, vile vilabu vya kujifunza kuhutubia. Juzi tarehe 22 vimetimiza miaka 100 tangu Ralph Smedley aanzishe cha kwanza huko Santa Ana, California, mwaka 1924. Kwenye mikutano yao kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "aa" na "mmm" za kila msemaji, na mwingine anashika muda kwa taa: kijani, njano, nyekundu. Muda wa kujiunga na klabu sina, ila nimeiba wazo.

Binti yangu yuko darasa la sita. Nimempa kikopo cha bati na bakuli la maharage. Kila nikisema "yaani", "eee", au "kwa maana hiyo sasa", anadondosha harage. Tok. Siku ya kwanza nimeongea dakika tano juu ya bei ya sukari, maharage 23. Mbaya zaidi ile "tok" yenyewe inanitisha, nikiisikia nasema "yaani" nyingine. Mtoto anacheka mpaka anainama. Mama yake kauliza kama kesho kuna haja ya kununua mboga.

9 Novemba

Maharage 17.

17 Novemba

Tumemzika mjomba Kihonda. Usiku wa matanga wazee walikaa, wakasema mhasibu ndiye aliyezoea makaratasi, atasoma wasifu wa marehemu. Kwenye msiba hukatai.

Karatasi ilitetemeka. Upepo ulikuwepo kidogo, lakini mikono ilikuwa yangu. Watu wote wa mbele nikawaona wanaiangalia karatasi, na kadiri walivyoiangalia ndivyo ilivyozidi kupepea. Mzee mmoja wa kanisani, ambaye amesoma masomo miaka yote ninayomfahamu, alinivuta pembeni wakati wa chakula. Hakunipa mawaidha yoyote. Alisema, "Mwanangu, karatasi moja haishikwi na mwenye hofu. Weka ndani ya daftari gumu." Nimejaribu nyumbani na kaunta buku ya kwire mbili. Mikono inatetemeka vilevile, ila daftari halisemi. Nashangaa kwa nini hakuna aliyeniambia hili miaka yote.

Jambo moja lilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye mwaka aliostaafu reli, nilisimama kidogo kwa sababu koo lilikaza. Sikupanga. Watu wakanyamaza kabisa, hata waliokuwa nyuma ya turubai wakiosha vyombo. Nimeiandika hapa kama fundi anavyoandika kipimo: kimya cha kama sekunde tatu, hakuna aliyekufa, zaidi ya yule tuliyekuja kumzika.

8 Desemba

Kamati ya harusi ya jirani. Nimeombwa niseme neno la kuhamasisha michango, dakika mbili, bila karatasi. Nikaanza: mwenyekiti wa kamati, makamu, katibu, mtunza hazina, wazazi wa pande zote, bwana harusi mtarajiwa, wajumbe, majirani, mabibi na mabwana. Nilipomaliza salamu, dakika moja na nusu ilishakwisha na nilichokuja kusema kimepotea. Nikasema "nawashukuru" nikakaa.

Itifaki ni ugonjwa wetu, na nasema hivyo nikiwa mgonjwa. Najua kwa nini tunaipenda. Ni kama kuingia maji kwa kidole cha mguu: unasema vitu ambavyo haviwezi kukosewa huku unajikusanya. Lakini msikilizaji anakupa masikio yake yote kwenye sentensi ya kwanza, na sisi tunayajaza majina ya watu wanaojijua. Tangu leo kwangu ni "Itifaki imezingatiwa", basi, naingia kwenye jambo.

4 Januari 2025

Nimetumia likizo kusikiliza hotuba za Mwalimu Nyerere. Ile ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin, mama yangu mdogo anaikumbuka mpaka leo, na yeye hata barua huwa anasomewa. Nikamwuliza anakumbuka nini. Akainua vidole vitatu: uwezo, sababu, nia. Miaka 46 imepita! Mimi taarifa yangu ya kurasa tisa haikukaa kichwani mwa mtu mpaka saa ya soda.

Kwa hiyo nimechukua kabrasha la rasimu nikajiuliza vidole vyangu vitatu ni vipi. Imenichukua jioni mbili. Tulichokusanya, tulichokopesha, kilichobaki. Kila namba kwenye kurasa tisa inaingia chini ya kidole kimoja kati ya hivyo. Isiyoingia itabaki kwenye kabrasha, anayeitaka ataisoma.

11 Januari

Leo amekuja dirishani mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwanachama wa siku nyingi. Nimemwamkia, shikamoo mama, ameitikia marahaba, amesaini vocha yake, halafu hakuondoka.

"Mwanangu, ule mkutano wa mwaka jana. Ni mimi niliyesema 'sauti'."

Sikujua nijibu nini. Nikacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

"Ulidhani nakuzomea. Nilikuona uso. Ningekuwa sitaki kukusikia ningelala kama wenzangu. Zile ni hela zetu ulikuwa unazisema."

Nimeandika maneno hayo hapa kabla sijayapunguza. Miezi tisa nimekuwa nikilala na kelele ile kama tusi, kumbe lilikuwa ombi. Nikamweleza kuhusu daftari hili. Alisikiliza, akauliza kama binti anadondosha harage hata kwa "basi", nikasema hapana, akasema aongeze. Halafu akajitolea: siku ya mkutano atakaa kiti cha mwisho kabisa. Asiponisikia, atainua pindo la khanga begani.

25 Januari

Somo la maiki, kutoka kwa kijana fundi mitambo anayefunga muziki kwenye sherehe. Nimemlipa soda mbili na chipsi. Aliyonifundisha:

Maiki ikae chini ya mdomo usawa wa kidevu, umbali wa ngumi moja, na ikufuate unapogeuza shingo. Mimi huwa nageuza shingo naiacha maiki inaongea na ukuta. Usiigonge, usiipulize "huu huu", hiyo ni kumwambia kila mtu hujawahi kuishika. Usifunike kichwa chake kwa kiganja kama wanamuziki, na usiielekeze kwenye spika. Ule mluzi unaotoboa masikio hutokea pale maiki inapoisikia spika, spika inairudisha sauti ile ile, maiki inaisikia tena, inazunguka mpaka inalia. Ukiusikia usishtuke, isogeze maiki mbali na spika.

Na jambo la mwisho, kalisema huku anatafuna: "Kaka, nyinyi wenye sauti ndogo mnapiga kelele kwenye maiki. Maiki ni ya kuongea. Kelele uwaachie wasio nayo."

15 Februari

Namba. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, na ndipo ninapopenda.

Chukua mikopo iliyotolewa: Sh 1,248,615,300. Kwenye karatasi ni safi, unaiona mara moja. Mdomoni ni bilioni moja, milioni mia mbili arobaini na nane, laki sita, elfu kumi na tano na mia tatu. Maneno 17. Msikilizaji akifika kwenye laki ameshaisahau bilioni. Nilikuwa nasoma namba kama hizo thelathini na kitu mfululizo, halafu nalaumu watu kwa kusinzia. Ni mimi niliyewabembeleza.

Sasa nasema: "Tumekopesha bilioni moja na robo." Mhasibu aliyemo ndani yangu anaumia, lakini kabrasha wanalo mkononi, senti zote zimo. Nimemwuliza afisa ushirika kama kuna ubaya. Kasema ubaya ungekuwa kuandika robo kwenye kitabu, kuisema kwa mdomo ruksa.

Na mikopo chechefu, neno lenyewe linawatisha wasiolijua na kuwachosha wanaolijua. Nimejaribu kwa mke wangu: "Kwenye kila shilingi mia tulizokopesha, sita zimechelewa kurudi." Aliacha kupiga pasi. "Sita? Za nani?" Hilo ndilo swali ambalo mkutano mzima ulipaswa kuliuliza mwaka jana.

8 Machi

Nimeanguka. Kikao cha tawi, watu 30 tu, nusu yao nawajua kwa majina. Nilisimama, nikasema "Itifaki imezingatiwa", halafu hakuna kitu. Kichwa cheupe. Moyo unapiga masikioni, ulimi umekauka kama jamvi. Nikafungua daftari, herufi zinaelea. Nikasoma neno kwa neno mpaka mwisho, mbio zile zile za zamani, nikakaa. Mwezi wa Ramadhani huu, wengi wamefunga, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema "sauti".



14 Machi

Sijafungua daftari kwa siku sita. Nimesoma kuhusu utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, wa mwaka 2014. Watu waliokuwa wanakwenda kuhutubia waliambiwa, kundi moja lijisemee "nimetulia", jingine lijisemee "nina hamu". Wa hamu walihutubia vizuri zaidi. Maelezo yake yananiingia akilini: moyo unaopiga kwa woga na unaopiga kwa hamu ni moyo ule ule, adrenalini ile ile. Kuushusha ghafla uwe umetulia ni kazi kubwa, kuubadilisha jina ni kazi ndogo. Miezi yote hii najiambia "tulia, tulia", na kila nikijiambia naukumbusha mwili kwamba haujatulia.

15 Machi

Nimejaribu kwenye kikao cha tawi jingine. Nilijifungia chooni, nikasema kwa sauti, "Nina hamu, nina hamu, nina hamu." Nilipotoka nikamkuta mlinzi kasimama. "Hamu ya nini, bosi?" Nikamwambia ya kuongea. Kaniangalia kama vile nimemdanganya.

Lakini niliongea. Dakika sita, nikifungua daftari mara mbili tu. Kilichosaidia kingine ni kutoa pumzi taratibu kabla ya neno la kwanza, kuitoa mpaka iishe, kisha ndiyo nianze. Nilizoea kuivuta tu, kifua kinajaa kama puto na sauti inatoka nyembamba.

5 Aprili

Mazoezi kwenye ukumbi mtupu. Dakika 20 kamili, maharage 6. Mwalimu mstaafu alikaa kiti cha mwisho na khanga yake, haikuinuka hata mara moja. Ukumbi mtupu unadanganya, alisema, watu wakijaa wanakunywa sauti kama mchanga.

12 Aprili

Naandika usiku, nimechoka.

Ratiba ilisema mgeni rasmi saa tatu na nusu asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa sita kasoro. Mwenyekiti alinifuata akiwa ameshika ratiba imejaa mistari ya kalamu. "Mhasibu, una dakika nane."

Nane! Nilikuwa na dakika ishirini za miezi sita. Nilihisi kabisa ule weupe wa tawini unakuja. Nikafungua daftari, kurasa za mwanzo nikaziruka, nikafika pale nilipoandika tarehe 4 Januari: tulichokusanya, tulichokopesha, kilichobaki. Nikalifunga. Mengine yote nimeyaacha kwenye kiti.

Nikatoa pumzi. "Itifaki imezingatiwa. Ndugu wanachama, tumepata ziada."

Nikanyamaza. Moja, mbili, tatu. Ukumbi mzima umeinua vichwa kutoka kwenye kabrasha, na mimi ndiye niliyeviinua.

Nilikuwa kwenye kidole cha pili kelele ilipotoka upande wa madirisha: "Sauti!" Tumbo lilishuka, siwezi kusema uongo. Ila mguu haukukimbia. Niliangalia nikaona spika ya upande ule imegeuzwa, inawahubiria wapishi nje. Nikamwomba fundi aigeuze. "Mnanipata hapo dirishani?" Wakajibu, "Tunakupata!" Nikairudia sentensi yote tangu mwanzo, polepole. Khanga kule nyuma ilikuwa imeinuka, ikashuka.

Yaliyoharibika: nilitumia dakika tisa na sekunde arobaini, mwenyekiti alishaanza kukohoa. Nilisahau kabisa kueleza kwa nini gawio limepungua, na ndilo swali la kwanza lililokuja. Nilijua jibu, tuliongeza akiba ya lazima, lakini nikajikuta nimeinamia kabrasha natafuta ukurasa, sekunde nyingi, nikisema "yaani" hapo katikati. Khanga iliinuka tena. Binti amesikiliza rekodi usiku huu: maharage 11, saba kati yake kwenye jibu hilo moja.

Mwalimu alinikuta kwenye foleni ya chakula. "Nimesikia," alisema, akaendelea na pilau lake.

14 Aprili

Jumatatu. Nimefika ofisini saa moja na nusu, mapema kuliko kawaida, nikajifanya napanga mafaili. Dirisha limefunguliwa saa mbili. Mpaka saa saba wamekuja watu wanne. Wawili kuweka, mmoja kuchukua fomu ya mkopo.

Wa nne ni mzee fundi cherehani, kajipanga kwa utulivu, hana barua ya kujitoa. Kasema alinisikia vizuri sana mwaka huu, ila nyumbani wamebishana yeye na mwanawe. Zile shilingi zilizochelewa kwenye kila mia, nilisema sita au nilisema tisa?

Nikacheka. Nikamwonyesha mkono mmoja wote, na kidole kimoja cha mkono wa pili.

"Ahaa. Sita. Mimi nimeshinda."

Kazi ya wiki ijayo: sita na tisa. Kuzisema kwa vidole.